Nilivyomwibia Mhehe Mbwa Ndani ya Gemu

Mjukuu wangu Yudith anajenga nyumba za watu asiowajua, mahali ambapo hapapo, na mshahara analipwa. Majirani zangu hapa Msalato waliponiuliza binti anafanya kazi gani niliwajibu hivyohivyo, nao wakanihurumia kimyakimya. Mmoja alishauri tumpeleke akaombewe.

Mambo yenyewe ni haya. Kule upande wa Chimwaga, karibu na chuo, kuna ofisi ya vijana wanaotengeneza gemu inayoitwa Vita vya Majabali. Watu wanaingia humo kwa mtandao, huyu yuko Mwanza, yule yuko Tanga, mwingine sijui yuko wapi lakini anatukana Kiswahili vizuri. Wanagawana vikosi viwili na kufyatuliana risasi katikati ya mawe makubwa kama haya ya kwetu. Ukifa, unafufuka kabla hata hujapoa. Mchungaji wetu hajawahi kutuahidi ufufuo wa haraka namna hiyo.

Sasa mtu akitoka vitani lazima awe na pa kurudi, hata kama ni vita vya uongo. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Yudith, nayo aliipa jina la Maskani. Kila mchezaji anapewa kiwanja chake na kukijenga anavyotaka: ukuta wa udongo au wa tofali, paa bapa la tembe au la bati, kochi, redio, jiko, mbuzi, mzabibu mlangoni. Bunduki zake anazitundika ukutani kama mikufu. Na wenzake wanaweza kuja kumtembelea. Yudith aliijenga Maskani hiyo kwa moyo wote, mpaka mchumba akachoka kusubiri na kuondoka zake. Mchumba mwenyewe alikuwa analamba kijiko akikirudisha kwenye bakuli la wote, kwa hiyo sikulia.

Siku moja akarudi nyumbani mchana, akakaa mbele ya ugali wa uwele na mlenda wake, na asiguse kitu.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, maana kwetu mjukuu wa kike ni mke mwenza wa bibi yake, "nani kafa?"

"Maskani inafutwa, bibi."

"Na nani?"

"Bosi. Tuna watu wanaotujaribia gemu. Wanaingia Maskani siku ya kwanza, wanapanga makochi, wanapiga picha, basi. Hawarudi tena. Wakimaliza vita wanaenda vita vingine moja kwa moja. Bosi anasema mwisho wa mwezi tunawaita wachezaji, gemu inaoneshwa hadharani, na kama mpaka siku hiyo Maskani ni tupu, anaitoa yote. Anaweka kitufe kimoja cha kuanzia vita."

"Na wewe?"

"Nahamishiwa kwenye viatu."

"Viatu gani tena?"

"Vya askari. Nitakuwa nachora buti, bibi. La kushoto na la kulia."

Akaanza kulia juu ya mlenda. Mimi ni mtu wa mzaha, lakini kuna kilio cha mtoto ambacho huwezi kukifanyia mzaha hapohapo. Nilisubiri mpaka akamaliza, ndipo nikamuuliza kama la kushoto linalipa zaidi.

Baada ya chakula akaleta kompyuta yake ya kazini na ile rimoti ya gemu yenye vidude viwili vya kuzungusha kwa vidole gumba.

"Bibi, wewe hupendi bunduki. Hebu tembea tu humu kwenye nyumba za watu, uniambie ni wapi unachoka."

"Nitaingia kwa jina gani?"

"Langu. Kukusajili wewe mwenyewe wanataka barua pepe."

Hapo ndipo mambo yote yalipoanzia, na naomba ieleweke kwamba si mimi niliyeanzisha. Jina lake lilikuwa la mjenzi. Mgeni wa kawaida akiingia kwenye maskani ya mwenzake anaangalia tu, mikono mgongoni, kama mtu aliyeingia duka la vyombo vya gharama. Mjenzi anaweza kunyanyua chochote, popote, na kukihamisha. Yudith kwa mawazo yaliyomjaa alisahau kuniambia. Mimi nikadhani ndivyo watu wanavyotembeleana huko.

Nilianza vibaya. Niligonga ukuta, nikamgonga mbuzi, nikatazama mbingu muda mrefu nisijue namna ya kushusha shingo. Alasiri ya pili nikawa natembea vizuri, na Yudith akaenda kazini akaniacha nayo. Nikaanza na kwa Hassani.

Hassani ni Mrangi wa Kondoa, fundi wa programu kwenye ofisi hiyohiyo, kijana mpole, wa swala zake. Kwa kuwa ni rafiki wa mjukuu wangu, ni mjukuu wangu. Na kwa kuwa ni mjukuu wa kiume, ni mume wangu. Nilimweleza hesabu hiyo mara ya kwanza alipokuja kula kwetu, akapaliwa na chai. Nikaingia maskani yake nikakuta zulia limenyooshwa, kitanda kimetandikwa, mto umewekwa katikati sawasawa. Mwanaume kutandika kitanda ndani ya gemu! Nikabonyeza hapa na pale, kitanda kikanyanyuka. Nikasema, kumbe. Nikakipandisha juu ya paa nikakiacha huko, na mto wake.

Kwa jirani yake nilihamisha mlango nikauweka nyuma ya nyumba. Kwa binti mmoja anayejiita Malkia wa Risasi nilichukua makochi yote yanayotazama redio nikayageuza yatazame ukuta. Nilichoka? Hata kidogo. Nilisahau uji jikoni ukaungua.

Kesho yake Yudith akarudi amechanganyikiwa.

"Ofisini kuna balaa. Hassani kakuta kitanda chake juu ya paa. Anasema programu imepata hitilafu, anaichambua mstari kwa mstari, hata chakula hali."

"Maskini," nikasema, nikaendelea kuchambua karanga.

"Na si yeye tu. Kuna watu wamepotelewa na milango. Sasa wanashutumiana. Malkia wa Risasi kajificha kwake nyuma ya tangi la maji tangu asubuhi, anamvizia mchawi. Wenzake wanamletea habari. Wengine wameenda kumcheka, wamekaa hukohuko."

"Wamekaa wapi?"

"Kwenye maskani yake." Akainua kichwa, kama mtu aliyesikia mlango ukigongwa mbali. "Bibi, watu wamekaa kwenye Maskani."

Ningeweza kumwambia palepale. Lakini karanga zilikuwa bado nyingi, na nilikuwa na nyumba moja sijaifikia.

Hiyo ilikuwa ya bosi. Bosi wao anaitwa Bartolomayo, na nilikuwa nimeshasikia kwa Yudith kwamba sikukuu zote huenda kwao Iringa. Mhehe! Kwa asiyejua, Mgogo na Mhehe ni watani. Babu zetu walipigana vita vya kweli mpaka wakachoka, wakaona ni nafuu watukanane tu. Tangu hapo Mhehe akikuta msiba kwetu anaweza kubeba jeneza na kusema haliendi mpaka alishwe, na Mgogo akifika kwao anaweza kuchukua kuku na asiulizwe. Hasira hairuhusiwi. Anayekasirika ndiye mwenye kosa, na anatozwa faini.

Nikafika kwenye maskani ya Bartolomayo. Ukuta wa mawe, taa kila kona, na mlangoni nikamkuta, amekaa, ulimi nje, amevalishwa mkanda wa dhahabu: mbwa.

Jamani. Mhehe amefuga mbwa, kamweka mlangoni, tena mnono! Watu wote wa nchi hii wanajua Wahehe tunawatania kwa kula mbwa. Huyu alikuwa ameniandalia mwenyewe. Nikamnyanyua mbwa taratibu, nikaenda jikoni kwake, nikatafuta sufuria kubwa kuliko zote, nikamtumbukiza akabaki masikio tu. Nikachukua sahani na vijiko kwenye kabati nikavipanga mezani. Kisha nikazima kompyuta, nikaenda kanisani kwenye mazoezi ya kwaya.

Asubuhi iliyofuata, jua halijawa kali, Yudith aliyekuwa ameshaenda kazini akarudi na bajaji mbio. Uso umemsawijika.

"Bibi. Ni wewe?"

"Mimi nini? Mimi bibi kizee, macho yenyewe..."

"Bibi!"

"Mbwa ni mzima. Nimemweka mahali salama."

"Wapi?"

"Kwenye sufuria."

Akakaa chini kwenye ngazi, mikono kichwani. "Hassani kagundua si hitilafu. Kila kitu kimehamishwa kwa jina langu. Bosi ananiita mbele ya wote. Anasema nimehujumu gemu kwa makusudi ili watu waonekane wapo Maskani. Nitafukuzwa, bibi. Hata zile buti sitazipata."

Hapo kicheko changu kikaisha. Nikavaa kanga yangu nzuri na viatu vya Jumapili, nikamwambia dereva wa bajaji ageuze.

Ofisini watu walikuwa wamesimama kama wako mahakamani. Bartolomayo ni mtu mrefu, shati limechomekewa mpaka linaomba msaada. Ukutani kulikuwa na skrini pana, na kwenye skrini ile, mbwa wangu, masikio mawili juu ya sufuria.

"Shikamoo, mama," akaniambia, maana hata Mhehe akikasirika amelelewa. "Samahani, tuna kikao cha kazi."

"Marahaba. Hicho kikao ni changu. Huyo mbwa nimempika mimi."

Hassani akafunika mdomo kwa mkono. Yudith akatazama sakafu.

"Wewe?" Bartolomayo akanitazama kuanzia viatu kwenda juu. "Mama, unajua watu wangu wamehangaika kiasi gani? Unajua..." Akasita. Akaisikiliza tena lafudhi yangu kichwani mwake, nadhani. "Mama ni mtu wa wapi?"

"Kwetu ni Kibakwe. Mimi ni Mgogo, baba Mgogo, mama Mgogo, na huyu ni mjukuu wangu. Na wewe nasikia ni wa Iringa. Sasa kasirika tukuone."

Chumba kizima kikamgeukia. Mshipa wa shingo ulikuwa umemsimama, na alitaka sana kukasirika, niliona jinsi alivyotaka. Kifua kikapanda, kikashuka, kikapanda. Kisha kikamtoka kicheko kikubwa cha ghafla, akashika meza.

"Kamwene!" akasema, salamu ya kwao. "Ombaomba wa kula mlenda nyie! Mmekosa cha kuomba barabarani mmeingia mpaka kwenye kompyuta yangu!"

"Mlenda unashuka wenyewe. Mboga ya kwenu mtu anaila huku inabweka."

"Nirudishie mbwa wangu, mwizi wewe."

"Mkomboe. Kwetu mali haitoki bure."

"Kwa kitu gani? Unataka mbuzi?"

"Nataka ucheze. Hapa, mbele ya wafanyakazi wako. Ngoma ya kwenu."

Na akacheza! Shati likachomoka. Vijana wale ambao walikuwa wakimwogopa kama mtihani wakampigia makofi, na mmoja akashika simu kurekodi akaambiwa aiweke chini, akaiweka, akaichukua tena.

Mimi nilidhani kazi imekwisha, tukanywe chai. Lakini nilipogeuka nikamwona Yudith hachezi wala hacheki. Alikuwa anamwangalia bosi wake, halafu sufuria, halafu bosi wake, kama anasoma.

"Bosi," akasema. "Jana uliingia Maskani?"

"Niliingia kumtafuta mbwa."

"Ulikaa muda gani?"

"Mpaka mke wangu akaniita mara ya tatu." Akajifuta jasho. "Nilizunguka nyumba za watu wote nikidhani nitamkuta. Kwa Hassani nilipanda mpaka juu ya paa."

"Kabla ya jana uliingia lini?"

Bartolomayo akaanza kuchomekea shati lake upya.

Yudith akasogea mbele ya skrini. Mtoto ambaye alikuwa analia kwenye bajaji sasa alinyoosha mgongo. "Nilijenga nyumba nzuri, nikampa kila mtu uwezo wa kuipamba, nikamkataza mgeni asiguse. Ndiyo maana hakuna aliyerudi. Kwake kunabaki vilevile alivyokuacha. Naomba mniachie mpaka siku ya maonesho, nitaujenga utani humo ndani."

"Wizi," akasema Hassani. "Sema wizi. Watu wataibiana, wataoneana, wadogo watalia."

"Si wizi. Mtani ni wa kukubaliana. Mimi nakuomba utani, wewe ukikubali ndipo mlango wako unanifungukia. Ukikataa, siingii. Nikiingia nachukua kitu kimoja tu, na bunduki siigusi. Na hakipotei, nakiweka kwangu mahali pa kuonekana. Ukikitaka, unakuja kukikomboa, unafanya ninalokuambia."

"Na kama hataki kuja?"

"Anakaa bila kochi."

Hassani akakuna kidevu. "Na kama wote wawili wameibiana wakati mmoja?"

"Wanacheza wote."

Akaanza kutabasamu, mume wangu yule. Akavuta kiti, akakaa mbele ya kompyuta hata kabla bosi hajasema ndiyo. Bosi akasema ndiyo, lakini akaongeza kwamba neno lake la kwanza liko palepale: siku ya maonesho, Maskani ikiwa tupu, ni buti.

Wakaijenga. Mimi nilikuwa nawaletea viazi na kuwaibia chaja. Yudith alikataa kabisa kunirudishia lile jina la mjenzi. Alinifungulia jina langu mwenyewe, na barua pepe akanitengenezea, nikawa mtu.

Siku ya maonesho ukumbi ulijaa wanafunzi, kila mmoja na kompyuta mbele yake, na wengine wengi wakiwa majumbani kwao kwa mtandao. Bartolomayo alipanda jukwaani na kueleza utaratibu. Watu wataanzia Maskani, na baada ya muda honi italia na uwanja wa vita utafunguliwa, vita vipya, mawe mapya, bunduki ambazo hakuna aliyewahi kuziona. Skrini kubwa ingeonesha uwanja huo. Wote wakiondoka Maskani kwenda huko, jibu limepatikana.

Yudith alikaa kando yangu. Mkono wake ulikuwa wa baridi kama mtungi.

Honi ikalia. Uwanja ukafunguka, mzuri kweli, jua linapiga mawe mpaka unataka kufumba macho. Ukawa mtupu.

Tukasubiri. Akatokea askari mmoja, kutoka Mwanza, ameshika bunduki mpya. Akazunguka jiwe. Akapiga risasi hewani. Akaandika maneno yakaonekana kwenye skrini yote: "Watu mko wapi?"

Kutoka pembeni mwa ukumbi sauti ya kijana ikajibu kwa nguvu, "Subiri, Msukuma! Kuna Mzaramo kaniibia jiko!"

Ukumbi ukalipuka. Hapo nikazisikia sauti zote, kumbe zilikuwepo muda wote: huyu anacheka, yule anamwambia mwenzake piga magoti ndiyo nikupe, binti mmoja anaimba wimbo wa shule ili arudishiwe mbuzi, vijana wawili ambao hawajuani hata majina wanabishana ni nani alikuwa wa kwanza kuchukua dirisha. Bartolomayo akabadilisha skrini kwa mkono wake mwenyewe. Maskani zikaonekana kutoka juu, taa kwa taa, na watu wanatiririka kutoka ua hadi ua wamebeba vitanda vichwani. Yule askari wa Mwanza akatupa bunduki akawafuata.

Bosi akashika kipaza sauti. Alitaka kusema jambo zito, lakini alikuwa akitazama skrini, na mtu alikuwa ndiyo kwanza anatoka kwenye maskani yake na meza. "Maskani inabaki," akasema haraka. "Yudith, simama wakuone. Huyu ndiye kiongozi wa ujenzi wote kuanzia leo. Na vita, sijui, tutaangalia kama bado vinahitajika." Akaruka kutoka jukwaani kukimbilia kompyuta.

Yudith akasimama. Ukumbi mzima ukamgeukia ukapiga makofi na kugonga meza, na wengine hawakuacha kubonyeza hata walipokuwa wakishangilia. Nilidhani atalia tena. Wala. Aliinua mikono yote miwili juu kama mtu aliyefunga goli, akazunguka ili wa nyuma nao wamwone, akakaa, akachukua kompyuta yake, akabonyeza kidogo, akanitazama kwa jicho ambalo nalijua maana ni langu.

Nikageukia maskani yangu. Tembe langu lilisimama vizuri, ukuta, mzabibu, mbuzi wangu wawili. Paa hakuna. Mbuzi wanatazama mawingu.

"Mke mwenzangu," nikasema, "umefanya nini?"

"Paa lako liko kwangu, bibi. Nimelitandika kama jamvi."

"Nirudishie. Mimi ni mzee, nitanyeshewa."

"Likomboe." Akaninyooshea kidole kuelekea jukwaani, mbele ya watu wote wale. "Kipaza sauti kile pale. Na usiimbe ya kwaya."

Nikafunga kanga kiunoni, nikapanda.